Muulize Bi Kaunta: Riale ya 1780, kitabu cha marehemu na mfuko wa tarishi

Kwa msomaji mgeni: nilikuwa karani, kisha keshia, katika tawi la benki pale ufukweni Lamu tangu 1974 hadi nilipostaafu 2010. Jina la Bi Kaunta nilipewa na watu wa mui, yaani mji wetu, nami nimelipenda. Mwezi huu nimejibu barua nne. Ya mwisho ilinikosesha usingizi.

Shikamoo Bi Kaunta. Niko kidato cha tatu, na mwalimu wa historia ametuagiza tuandike habari za jengo moja tunalolijua. Mimi nimechagua benki yenu ya ufukweni. Kabla yake watu wa Lamu waliweka wapi pesa? Na ndani mlikuwa mkifanya nini hata mlango ukafungwa mapema vile?
*Mwanafunzi, Mpeketoni*

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako amekupa kazi njema.

Mwanamke wa Amu, ndiyo Lamu, aliivaa akiba yake. Vikuku, kipini, mkufu. Shida ikifika huenda kwa sonara, mambo yakitengenea hununuliwa vingine. Mwanamume mwenye mali aliiweka kashani, au kwa tajiri wa Kihindi mwenye duka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, akaandikiwa daftarini. Ukitaka kumpelekea nduguyo pesa Mombasa au Unguja, tajiri yule alikuandikia karatasi, na mwenzake wa kule akalipa. Neno hundi tulilipata kwa watu hao wa Bara Hindi, na hawala kwa Waarabu. Benki ilipofika ilikuta maneno yake yanaingoja.

Pesa zenyewe zilitoka kila upande wa bahari. Hapo Manda tu, ng'ambo ya maji, mwaka 2013 watafiti walitangaza kupata sarafu ya Kichina ya zama za mfalme Yongle, mwanzoni mwa karne ya 15. Bibi yangu alikuwa na riale ya fedha yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria. Ukiiona imeandikwa 1780 usidhani ndio mwaka ilipopigwa. Malkia alifariki mwaka huo, na zilizotolewa baada yake, hata miaka 100 baadaye, ziliachiwa tarehe ileile kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu waliizoea na hawakutaka nyingine. Zikaja rupia za Uhindi, na pesa ya shaba ya 1888 yenye mizani, ya kampuni ya Kiingereza iliyoikodi pwani. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921, na hii yetu ya Kenya 1966. Zile senti za zamani zenye tundu katikati, mama zetu walizitunga uzi na kuzifunga kiunoni.

Kuhusu benki: National Bank of India ilifungua tawi Mombasa 1896, nayo ni miongoni mwa benki za mwanzo nchini. Posta iliwahi kufika kwetu kuliko benki. Wajerumani walifungua yao hapa Lamu Novemba 1888, wakaifunga 1891, na nyumba ile leo ni makumbusho. Nenda ukaione kabla hujaandika.

Tawi letu lilikuwa nyumba ya mawe na chokaa, ya kale kuliko benki. Nyumba za Amu hupimwa kwa boriti. Mkoko una urefu wake, na chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko mti unaobeba dari. Ndiyo sababu ukumbi wa wateja ulikuwa mrefu na mwembamba kama jahazi, na foleni ikatoka nje mpaka barazani. Keshia mkuu aliyenifundisha kazi alinihadithia jinsi kasha la chuma lilivyoletwa. Lilikuja kwa jahazi kutoka Mombasa, likakaa siku nne nanga imetiwa, likingoja bamvua, maji makubwa ya mwezi, ili chombo kisogee mpaka ukutani. Mahamali walilitandikia boriti na kulibingirisha juu yake huku wakiimba, hatua kwa hatua, asubuhi kutwa. Lilipopita mlangoni lilichubua chokaa, na alama ile ilikuwapo mpaka siku niliyoondoka. Mwandike na huyo hamali, mwanangu. Meneja wana majina yao kwenye ubao.

Mlango ulifungwa mapema kwa sababu kazi ilikuwa haijaanza. Wateja wakishatoka, kila shilingi iliyoingia na iliyotoka hutafutwa kwenye leja kwa mkono, na hakuna aliyekwenda kwao mpaka hesabu zilingane. Jenereta ya mji ikizimika tulileta karabai. Usiku mmoja tulipungukiwa na shilingi 270. Keshia mkuu alizitazama tarakimu hizo, akazigawa kwa 9, zikagawanyika bila baki. Akasema, "Hakuna mwizi. Kuna mtu amegeuza tarakimu." Tukapekua upya, na kweli: 850 iliandikwa 580. Mwandiko ulikuwa wangu. Hila hiyo ni ya kweli, jaribu mwenyewe kwa namba yoyote uipindue. Na sikupata kusahau kwamba mzee yule alisema hakuna mwizi kwanza, kabla ya kujua kosa ni la nani.

Bi Kaunta, katika karatasi za marehemu babu tumeona barua aliyoiandikia benki akikataa faida. Watoto wa siku hizi wamecheka. Alikuwa peke yake?
*Mjukuu, Langoni*

Hakuwa peke yake, na waambie wasicheke. Riba ni haramu, na wazee wetu walilichukulia jambo hilo kwa uzito ule ule wa swala. Wengi walifungua akaunti ya hundi isiyo na faida. Wengine walikuwa na kitabu cha akiba, wakatuletea barua kama ya babu yako tuiweke ndani ya faili. Alikuja meneja mmoja mgeni, akaona akaunti zaidi ya 40 hazina faida ya Desemba, akadhani nimepitiwa. Nilimtolea barua zile moja baada ya moja. Alizisoma zote, hakusema neno, kisha akaagiza ziwekwe kwenye kasha pamoja na hati za mashamba. Nilimheshimu kwa hilo.

Kuna mzee alisema yeye hataki kuila na hataki kuwaachia benki, basi itolewe ijengewe vyoo vya watu wote. Ikafanywa hivyo. Benki kamili za Kiislamu zilianza kazi Kenya mwaka 2008, wengi wa wazee wale wakiwa wamekwisha tangulia.

Assalamu alaykum Bi Kaunta. Mama yetu alifariki mwaka jana. Chini ya godoro tumekuta kitabu cha benki, mara ya mwisho kimeandikwa 1998, salio shilingi 41,300. Tumekuta pia noti tisa za elfu za zamani. Kaka yangu asema benki imeshazila zote. Kuna mtu Mombasa anataka shilingi 10,000 atufuatilie. Tufanyeje?
*Binti wa kwanza, Kizingitini*

Wa alaykum salaam. Mungu amrehemu mama.

Usimpe mtu huyo hata senti. Naanza na hilo kwa sababu nimewaona wengi walioliwa hivyo, na kudai haki yako ofisini hakulipiwi.

Pesa za kitabuni hazijaliwa. Kwa sheria ya 2011, akaunti ikikaa miaka 5 bila mwenyewe kuigusa wala kuwasiliana na benki, benki yapaswa kuikabidhi kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, ile wanayoiita UFAA. Hapo hukaa ikimngoja mwenyewe au warithi wake, na haki ya kudai haifi kwa miaka kupita. Nenda kwanza tawini na kitabu, waulize kama bado wanayo au wameikabidhi, na wakupe jibu kwa maandishi. Salio huenda lisiwe lile lile, kwa kuwa akaunti nyingine hukatwa ada. Huku nyuma mtafute cheti cha kifo, barua ya chifu inayowataja warithi wote bila kumruka mmoja, na vitambulisho vyenu, mwende Mahakama ya Kadhi. Kadhi ndiye atakayewapa hati ya mirathi na kugawa mafungu. Bila hati hiyo hakuna keshia atakayewafungulia mkono, hata akiwa shangazi yenu.

Noti tisa zile ni hasara. Benki Kuu ilitangaza Juni 2019 kwamba noti za zamani za elfu mwisho wake ni 30 Septemba mwaka huohuo. Wekeni kwa kumbukumbu ya mama.

Sasa nikueleze kwa nini nazisisitiza karatasi. Mwaka 1983, wakati wa kusi kali, mvuvi mmoja wa huko huko visiwani hakurudi. Alikuwa mteja wetu. Alikuwa akiuza kamba, na kila msimu aliweka kidogo. Mkewe alikuja na kitabu, amefunga eda na kuimaliza, na mtoto mgongoni. Nilimjua. Tarishi wetu alikula pilau ya harusi yake. Keshia mkuu alijua mpaka jina la chombo kilichozama. Katika chumba kile hakukuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa na shaka kwamba huyu ndiye mke na pesa ni ya wanawe, na hatukuweza kumpa. Akaunti ilikuwa na jina la mume peke yake. Mwili haukuonekana, kwa hiyo hakuna cheti cha kifo, na bila cheti mirathi haikuweza kuanza. Alikuja na kurudi kwa miezi 14, kila safari nauli ya boti. Tulichanga wafanyakazi, tukamnunulia unga na mchele, lakini ile ilikuwa sadaka yetu, haikuwa haki yake. Alipolipwa mwishowe aliweka dole gumba kwenye karatasi, akanishukuru, nami sikuweza kumtazama machoni.

Tangu siku hiyo kila mwanamume aliyekuja kufungua akaunti nilimuuliza jina la mkewe. Wengine walikasirika. Wakiniuliza yanihusu nini, niliwaambia habari ya yule mvuvi. Akaunti ya pamoja, ambayo yeyote kati ya wawili aweza kutoa, ilipatikana hata zamani zile. Ilitaka tu mtu aseme. Binti yangu, ukishamaliza ya mama, mwambie na mumeo.

Bi Kaunta, shikamoo. Babu yangu mzaa mama alikuwa tarishi wa tawi lenu, mtu wa Matondoni. Alifariki mimi sijazaliwa. Nyumbani husemwa tu kwamba "alikuwa akiwapikia chai watu wa benki". Juzi tulipobomoa dari tumekuta mfuko wake wa ngozi. Ndani mna mkebe wa wino uliokauka, kitambaa cheusi, na kauri 17 zenye nukta za wino, nyingine moja, nyingine mbili, nyingine tatu. Mama hajui ni za nini. Dada yangu aogopa asema ni mambo ya uganga. Wewe wajua?
*Mjukuu wa tarishi, Lamu*

Marahaba, mjukuu wangu. Nimeisoma barua yako mara tatu. Mwambie dadako asiogope. Naujua mfuko huo, na kauri hizo nimezishika kwa mkono wangu.

Chai alipika, kweli, yenye tangawizi, saa nne. Lakini ukiandika kazi ya babu yako ukaanza na chai umemwonea. Yeye ndiye aliyefungua mlango alfajiri na kuufunga usiku. Pesa za tawi zilikuja kwa ndege mpaka uwanja wa Manda, na kutoka hapo kwa boti, pamoja na polisi. Meneja ndiye aliyetia sahihi, lakini saa ya kuvuka aliipanga babu yako, kwa kuwa aliyajua maji. Mabegi ya sarafu ni mazito; boti ikifika maji yamekupwa, watu huyabeba matopeni mbele ya mato ya mji mzima. Alitazama mwezi tu, akamwambia meneja, "Alkhamisi, saa tano, si kabla." Meneja waliokuja kutoka bara waliobisha, walibisha mara moja tu.

Barua za benki alizipeleka kwa miguu nyumba kwa nyumba, Mkomani mpaka Langoni, na Shela kwa kufuata ufuko. Kina mama waliokuwa hawatoki, alisimama dakani akapiga hodi, akangoja kijana wa nyumba. Nilipoanza kwenda na fomu majumbani ili wanawake wafungue akaunti kwa majina yao, yeye ndiye aliyenitangulia kunieleza mwenye nyumba ni nani, ana msiba au ana harusi, na nisimtaje nani mbele ya nani. Hakusoma sana shule. Jina lake aliliandika kwa herufi za Kiarabu, polepole, kwa mwandiko mzuri kuliko wetu sote.

Mkebe ule ni wa dole gumba. Wateja wetu wengi hawakutia sahihi. Alikishika kidole cha mzee kama anavyoshikwa mtoto mchanga, akakigusisha wino, akakizungusha kwenye kadi kutoka ukucha mpaka ukucha ili mistari yote itoke, kisha akakipangusa kwa kitambaa hicho cheusi. Ni cheusi kwa wino, mjukuu wangu. Kilikuwa cheupe. Alisema haifai mtu mzima atoke benki na kidole kichafu, watoto wakamcheka njiani kwamba hajui kuandika.

Sasa kauri.

Mwisho wa mwezi walikuja walimu, wauguzi na askari kuchukua mishahara, kutoka Faza, Kizingitini, mpaka Kiunga karibu na mpaka wa Somalia. Siku hizi mshahara huchukuliwa kwa simu, na tangu M-Pesa ianze Machi 2007 foleni ile imekwisha. Zamani mwalimu wa Kiunga alisafiri siku mbili kuja kusimama barazani kwetu. Na boti za kwenda Pate hupita Mkanda, ule mkondo kati ya Manda na bara, na Mkanda haupitiki maji yakipwa. Mtu akicheleweshwa kaunta kwa nusu saa, chombo chake kimeondoka au kimekwama, na yeye alale Lamu kwa gharama yake, mwingine na mtoto mgonjwa nyumbani. Watu wa mjini, ambao kwao ni dakika tano, walikuja mapema wakawa wa mbele.

Ugomvi ulikuwa kila mwezi. Meneja waliandika matangazo, yakachanwa. Babu yako alikwenda ufukweni, akaokota kauri, akazitia nukta. Asubuhi ya mshahara alikaa gatini, si mlangoni, akawapa kila walioshuka botini. Nukta moja ni Faza, mbili Kizingitini, tatu Kiunga. Hakumpa mtu wa mjini hata awe nani. Wenye nukta tatu walikuja kaunta kwanza, kisha wa mbili, kisha wa moja, na mimi sikumhudumia mwingine mpaka nimezikusanya zote sahanini. Jioni nilimrudishia, akazihesabu, akazitia mfukoni mwa ngozi. Hakuna aliyemwagiza. Haikuandikwa popote. Mwezi wa kwanza mkubwa mmoja wa mji alipaza sauti kwamba yeye hawezi kutanguliwa kwa sababu ya kombe la bahari. Babu yako alimwekea kiti, akamwambia, "Keti bwana wangu. Weye huna maji ya kuwahi, na hawa maji hayawangoji." Bwana yule aliketi.

Kwa kadiri ya miaka 15 tulifanya hivyo. Alipostaafu 1991 alipewa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri. Niliomba jina lake litiwe kwenye ubao pamoja na ya mameneja, nikaambiwa ubao ni wa mameneja. Niliona si haki siku ile, na leo naona hivyo hivyo. Mwezi uliofuata foleni ilirudi kuwa vita, na kijana aliyeletwa mahali pake hakuelewa tulimtafutia nini huko ufukweni.

Kauri zilikuwa 20, korija moja kamili, kama boriti zinavyohesabiwa, hesabu ya mtu aliyekulia kwenye boriti. Wewe umepata 17. Mbili zilipotea na watu, nadhani waliondoka nazo kwa kusahau. Moja ninayo mimi, ya nukta tatu. Aliniachia mkononi siku yake ya mwisho kazini, na imekaa kwenye kidaka cha chumba changu tangu siku hiyo. Njoo uichukue, mjukuu wangu, na uje na mfuko.